Barua kwa mhariri: Festiva, 121, Pride na Saba ni gari moja jamani

Mhariri,

Salaam na hongera kwa ukurasa wa magari, mi huwa nausoma na mara nyingi tunakubaliana, ila ile makala ya magari madogo ya zamani imenifanya nikae niandike maana mwandishi wenu ameteleza afu akateleza tena palepale. Kaandika kwamba Ford Festiva ilikuwa gari ndogo nzuri ya Kimarekani ya miaka ya 80, aya chache mbele akafika kwenye Kia Pride akasema hiyo ni kopi ya Kikorea, na mwisho akaitaja Saipa ya Iran, yaani ile gari waliyoiita Saba, kuwa mfano wa gari mbovu kupita zote. Sasa hizo gari tatu alizozipa daraja tatu tofauti ni gari moja. Sisemi zinafanana, nasema ni gari moja, bodi ileile, chasisi ileile, injini ya ukoo uleule. Na hakuna Mmarekani aliyeibuni.

Gari ile ilibuniwa na Mazda, Hiroshima. Ili uelewe kwa nini ikatoka na nembo ya Ford inabidi urudi 1979, mwaka ambao Ford walinunua kama robo ya hisa za kampuni hiyo, enzi hizo bado inaitwa Toyo Kogyo, jina la Mazda Motor walilichukua rasmi 1984. Ford hawakununua hisa kwa mapenzi, walikuwa wanahitaji gari ndogo za kuuza Asia na Australia na Mazda walizijua gari ndogo kuliko wao, ndo maana Mazda 323 ikawa Ford Laser na 626 ikawa Ford Telstar, upande ule wa dunia watu wameendesha Mazda miaka mingi wakijua wana Ford. Sasa chini ya Laser kukawa na nafasi, gari ndogo zaidi ya hapo, ndo ikazaliwa Festiva. Ikaingia sokoni Japani mwaka 1986, ikauzwa kwenye mtandao wa maduka ya Autorama uliokuwa wa kuuzia Ford. Na hapa kuna kitu nakipenda sana, Mazda wenyewe nyumbani kwao hawakuiuza kwa jina lao, Mjapani aliyetaka gari hiyo iliyobuniwa Hiroshima alilazimika kwenda duka la Ford. Jina la Mazda iliwekewa ikitoka nje tu, huko ikaitwa Mazda 121.

Na ilikuwa gari ya akili, hilo niliseme kabla sijaendelea maana watu wanaicheka kwa sababu ya yaliyokuja baadaye. Urefu kama mita 3.5, rimu za inchi 12, uzito usiofika kilo 800, bodi imenyooka juu kama kisanduku ili abiria wapate nafasi ya kichwa, kiti cha nyuma kwenye baadhi ya matoleo kinasogezwa mbele na nyuma kulingana na mzigo. Injini ni ile familia ya B ya Mazda, 1.1 au 1.3, kitu rahisi ambacho fundi yeyote anakifungua bila kusoma kitabu, na gari nyepesi namna ile haihitaji nguvu nyingi kusogea. Kulikuwa hadi na toleo lenye paa la turubai linalofunguka kwa umeme kuanzia mbele mpaka nyuma. Hiyo sio gari ya watu waliokosa mawazo.

Haya, Kia wanaingiaje. Hapa ndo makala yenu imepotosha zaidi, kwa sababu neno kopi linafanya ionekane kama Wakorea waliiba mchoro usiku. Kia walikuwa na uhusiano na Mazda tangu zamani, lori zao na gari zao za miaka ya 70 zilitoka huko huko. Sasa mwaka 1981 serikali ya Chun Doo-hwan, rais wa Korea Kusini, ikaamua viwanda vya magari vipangwe upya, kila mtu apewe kazi yake, na Kia wakaambiwa acheni kutengeneza gari za abiria, nyie fanyeni malori madogo na mabasi madogo. Hebu fikiria kampuni ya magari inaamriwa isitengeneze magari. Wangeweza kufa pale pale, kilichowaokoa ni gari ndogo ya mizigo na abiria iliyoitwa Bongo, ambayo nayo ilitokana na Mazda, iliuzika Korea mpaka watu wakazoea kuita kila gari ya namna hiyo Bongo. Marufuku ile ikaja kulegezwa miaka ya katikati ya 80, na gari ya kwanza ya abiria ambayo Kia waliitoa kurudi uwanjani, mwaka 1987, kwenye kiwanda chao cha Sohari, ndo hiyo Pride. Yaani kwa Kia ilikuwa tiketi ya kurudi kwenye biashara, na waliipata kwa makubaliano ya wazi, Mazda analeta ubunifu na injini, Kia anatengeneza, Ford anauza Marekani. Ford na Mazda wote wakachukua na hisa Kia.

Kwa nini isitengenezwe Japani tu ikapelekwa Marekani? Hesabu, mhariri. Marekani na Japani tangu 1981 walikuwa wamekubaliana kuwekea kikomo idadi ya magari ya Kijapani yanayoingia Marekani, na ukiambiwa idadi ina kikomo unapeleka gari kubwa zenye faida, huwezi kujaza meli na vigari vya bei ya chini. Afu Septemba 1985 nchi tano zikakaa hoteli ya Plaza, New York, zikakubaliana kuishusha thamani ya dola, na kutoka kama yeni 240 kwa dola moja ikaporomoka mpaka 150 na kitu ndani ya mwaka mmoja hivi. Gari ndogo iliyotengenezwa Japani ikawa ghali ghafla bila kubadilishwa hata bolti moja. Iliyotengenezwa Korea haikuguswa na kikomo kile wala na yeni. Kwa hiyo mtu akisema Kia walipewa kazi ya bei rahisi kwa vile ni Wakorea wa bei rahisi, anaruka nusu ya hadithi, mambo ya sarafu na mikataba ya biashara yaliisukuma gari kuvuka bahari kuliko ufundi wenyewe.

Marekani ikaingia kama toleo la 1988. Kabla ya hapo Ford waliwahi kuuza Fiesta huko kati ya 1978 na 1980, zikiletwa kutoka Ujerumani, wakaacha, wakaja na Escort. Festiva ikakaa chini ya Escort kama gari ya bei ya chini kabisa kwenye shoruumu ya Ford, wakati uleule ambao Wamarekani walikuwa wanauziwa Yugo ya Yugoslavia na Hyundai Excel, na Yugo iliishia kuwa kichekesho kwa ubovu wake. Festiva haikuishia hivyo. Walionunua walizitumia mpaka zikachakaa kihalali, na mpaka leo kuna watu Marekani wanazitunza na kuzitafutia spea kama wengine wanavyofanya kwa Mustang. Kuna jamaa wawili, Chuck Beck na Rick Titus, waliichukua wakatoa kiti cha nyuma, wakaweka palepale injini ya V6 ya lita 3.0 iliyotoka kwenye Ford Taurus SHO, ile iliyotengenezwa na Yamaha, farasi 220 kwenye kigari cha kwenda sokoni. Wakaiita Shogun, zikatoka 7 tu, moja anayo Jay Leno, mtangazaji wa televisheni wa Marekani. Haina uhusiano mkubwa na hoja yangu ila siwezi kuandika kuhusu Festiva nikaiacha.

Ila angalieni hili. Kia kama Kia walianza kuuza Marekani na Sephia, toleo la 1994, na magazeti ya huko yakaandika kana kwamba kampuni ngeni kabisa imeingia mjini, wakati mamia kwa maelfu ya wenzao walikuwa wameshaendesha gari ya Kia miaka mitano nzima, ina nembo ya Ford tu. Kosa lile lile la makala yenu.

Tuje Australia na Uingereza, maana hapa ndo utajua nembo ni kitu cha kubandika. Australia gari hii ilifika mwaka 1987 kama Mazda 121, imetoka Japani. Ilipofika 1991 Mazda wakawa na 121 mpya, yenye umbo la mviringo, na ile ya zamani ilitakiwa ipumzike, badala yake ikarudi mwaka uleule ikiwa Ford Festiva, sasa imetoka Korea. Uingereza vilevile ilianza kama Mazda 121, vilevile 121 mpya ikaja, lakini kule ile ya zamani ikarudi 1991 kama Kia Pride, gari ya kwanza ya Kia kuuzwa kwa Waingereza, na matairi yake yenye mstari mweupe pembeni ambayo watu walichekea sana. Yaani wewe na ndugu yako, mmoja yuko Melbourne mwingine Manchester, mmenunua gari ileile wiki moja, yeye ataambiwa ana Ford ya kuaminika na wewe utaambiwa umejaribu bahati na Wakorea. Zimetoka kiwanda kimoja.

Na jina la 121 nalo lilikuwa halitulii. Miaka ya 70 Mazda waliliweka kwenye Cosmo, gari ya kifahari isiyo na uhusiano wowote na hii, afu likaja kwenye hii, afu kwenye ile ya mviringo ambayo Japani iliitwa Autozam Revue, afu kuanzia 1996 Ulaya 121 ikawa Ford Fiesta iliyobandikwa nembo ya Mazda, inatoka kiwanda cha Ford cha Dagenham, Uingereza, na ikauzika kidogo sana ukilinganisha na Fiesta yenyewe. Upande wa pili jina la Festiva likaenda Japani kukaa kwenye Mazda Demio, wakaiita Festiva Mini Wagon. Kwa hiyo mwaka 1996 ungeweza kununua Mazda ambayo ni Ford ukiwa Uingereza, na Ford ambayo ni Mazda ukiwa Japani. Ukimwambia mtu hii ni ya Kimarekani ile ni ya Kijapani hapo unamwambia nini hasa?

Korea Pride iliendelea, wakaongeza sedani mwaka 1990, baadaye stesheni wagoni, wakaja na Avella ambayo Marekani iliitwa Ford Aspire, ikadumu huko toleo la 1994 mpaka 1997 ikaondoka bila mtu kulia. Ufilipino Pride ilipendwa sana, mpaka leo wakisikia CD-5, jina la toleo lake moja, wanajua unaongelea nini. China nao waliiunda kule Yancheng. Kisha Kia wakafilisika 1997, Hyundai wakawachukua 1998, na mwaka 2000 Pride ikasimama Korea, ikaja Rio. Wakorea wenyewe hawakuona aibu nayo hata kidogo, kwani kuanzia 2005 hadi 2017 Rio ikiuzwa nyumbani kwao iliitwa Pride. Mtu haliweki jina la gari mbovu kwenye gari mpya.

Sasa Iran. Hapa ndo mwandishi wenu kaitukana kwa nguvu na mimi sitetei kila kitu, nataka tu alaumiwe anayestahili. Saipa ilianza miaka ya 60 kuunganisha gari ndogo za Citroën, ile Dyane kule waliiita Jian, baadaye wakafanya Renault 5, na mwaka 1993 wakaanza Pride kwa makubaliano na Kia. Nchi ilikuwa imetoka vitani na Iraq miaka 5 tu nyuma, familia nyingi hazikuwa na gari, na hii ikawa gari ambayo mwalimu au karani anaweza kuipata. Kwa mwaka 1993 hilo lilikuwa chaguo sahihi kabisa, ningekuwa mimi ningeichagua vilevile. Saipa wakajifunza kutengeneza vipuri wao wenyewe, kidogo kidogo mpaka karibu kila kitu kikawa kinatoka ndani. Mkataba wa kutumia jina ulipoisha sedani ikaitwa Saba, ile isiyo na buti ikaitwa Nasim, baadaye zikawa namba tu, 131, 132, 111, 141, na pikapu ndogo 151, lakini mtaani kila mtu anaendelea kuziita Pride.

Tatizo likaanzia kwenye mafanikio yenyewe. Magari ya nje yalikuwa yanatozwa ushuru mkubwa mno, mwaka 2018 uagizaji ukapigwa marufuku kabisa, kwa hiyo mnunuzi wa kawaida alikuwa na Saipa au Iran Khodro, chagua. Kiwanda ambacho hakina mshindani na bei yake inapangiwa na serikali kinapata wapi sababu ya kubadilisha gari? Ukiongeza hapo vikwazo, maana Marekani ililenga sekta ya magari ya Iran moja kwa moja mwaka 2013 na ikarudia Agosti 2018 baada ya kujitoa kwenye mkataba wa nyuklia, Peugeot wakaondoka, Renault wakaondoka, na mashine na teknolojia ambazo zingesaidia kutoa gari mpya zikaondoka nao. Bodi iliyochorwa miaka ya 80, kabla hata hayo majaribio ya Ulaya ya kugongesha magari, Euro NCAP, hayajaanza mwaka 1997, ikaendelea kutoka kiwandani kila siku huku barabara zikijengwa pana na watu wakikimbia zaidi. Waliweka EFI, mfumo wa kupuliza mafuta kwa umeme, badala ya kabureta, wakabadilisha taa na bampa na dashibodi, lakini mbavu za gari ni zilezile. Wairani wenyewe wakaanza kuiita gari la mauti, na huku wanaitukana bei yake inapanda mpaka ikawa kipimo cha mfumuko wa bei, mtu akitaka kujua pesa imeshuka kiasi gani anauliza Pride shilingapi leo, yaani toman ngapi, pesa ya huko. Sedani na wenzake zilikomeshwa 2020 zilipobanwa na viwango vipya, pikapu ikaendelea baada ya hapo.

Kwa hiyo miaka 27. Gari ambayo Mazda waliiacha baada ya miaka michache, Iran iliitengeneza miaka 27, na vifo vya barabarani vya miaka ya mwisho anaandikiwa nani? Mwandishi wenu anamwandikia mchoraji, au Wakorea, au anasema tu Saipa ni takataka. Mi nasema muandikieni aliyefunga geti la soko, ndani na nje, serikali iliyolinda kiwanda mpaka kikalala na serikali ya ng'ambo iliyomfungia kiwanda huyo huyo njia ya kuamka. Na hili sio la Iran peke yake. Nissan Sunny ya 1990 iliendelea kutengenezwa Mexico kwa jina la Tsuru mpaka 2017, na mwaka 2013 Latin NCAP waliigongesha ikapata nyota sifuri. Volkswagen Kombi ilitengenezwa Brazil mpaka mwisho wa 2013, ikasimamishwa na sheria ya mifuko ya hewa na ABS, breki zinazozuia matairi kujifunga. Sijawahi kusoma mahali mtu anaandika kwamba Tsuru ni kopi mbovu ya Kimexico, wanasema tu gari ya zamani ilikaa sana. Kombi ndo kabisa, wanaililia na kuipigia picha harusini. Kombi ikizeeka ni kumbukumbu, Pride ikizeeka ni takataka, na tofauti naona ni nani anaiuza.

Najua mtasema nafasi kwenye gazeti ni ndogo na msomaji anataka ajue gari nzuri au mbaya basi. Sawa. Ila kwenye gari za aina hii sentensi tatu zinatosha na hazili nafasi kuliko hizo sifa na matusi, nani aliibuni, ilitengenezwa wapi, na hiyo inayoongelewa ni ya mwaka gani, maana Pride ya 1988 na Saipa 131 ya 2018 mbele ya macho ni ndugu mapacha lakini moja ilikuwa inashindana na wenzake wa umri wake na nyingine inashindana na gari zilizoiacha vizazi vitatu nyuma. Na ile aya ya kopi ya Kikorea naomba isahihishwe kwenye toleo lijalo, Kia hawakukopi kitu, walikaa meza moja na mwenye mchoro na mwenye maduka. Kama mwandishi ana ushahidi mwingine aulete tu, mi nitasoma.

Msomaji wenu, mpenzi wa vigari vidogo